Kuandika Riwaya ya Vijana Kuhusu Mvulana na Kundi Lake

Hadithi nyingi za shinikizo la rika hukwama mahali pamoja. Rafiki mbaya anamwambia mtoto mwema "vuta hii", mtoto mwema anavuta, anaugua, anajuta, mwalimu anamsamehe. Kijana wa miaka 15 akifika ukurasa wa kumi anafunga kitabu, maana anajua kijiweni mambo hayaendi hivyo. Kijiweni ni nadra mtu kuamriwa. Wenzake wanacheka, au wananyamaza, au hawasogei kumpisha akae, na yeye mwenyewe anajiongeza.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika riwaya fupi ya wasomaji wa miaka 13 hadi 17. Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Idrisa, miaka 15, kidato cha pili katika shule ya kutwa. Familia imehamia Mbagala, Dar es Salaam, kutoka Lindi baada ya baba kupata kazi ya kuendesha lori la kwenda Lubumbashi. Badilisha mji, shule na majina upendavyo. Mifupa ni ile ile.

Hatua ya 1: Tafuta faida kabla ya hatari

Kabla hujaandika sentensi hata moja, jibu swali hili: kundi linampa nini ambacho hakipati kwingine? Ukijibu "urafiki" au "kukubalika", hujajibu, kwa sababu hivyo havionekani kwa macho. Tafuta kitu cha kushikika.

Kwa Idrisa kitu hicho ni daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo asubuhi makonda huwazuia wanafunzi mlangoni, wanachukua wawili watatu, gari linaondoka. Mgeni asiyejua kusukumana anabaki kituoni, anafika shule saa mbili, anakutana na fimbo getini. Side wa kidato cha tatu anafahamiana na makonda wa njia ile, maana jioni anawaoshea magari. Anayeongozana na Side anapanda. Sasa msomaji ameshaelewa kwa nini Idrisa anamfuata Side, wala hukuhitaji aya ya kueleza kwamba "hajiamini".

Halafu mpe Side mema ya kweli. Ananunulia kundi chipsi kwa hela yake ya kuosha magari. Haendi kijiweni mpaka mdogo wake wa kike atoke shule ya msingi na avushwe barabara. Side akiwa mbaya tangu ukurasa wa kwanza, Idrisa ataonekana mjinga kwa kumfuata, na msomaji atachoka naye mapema. Mpe Side pia anachokiogopa, hata kama hutakitaja mpaka sura ya kumi. Labda anadaiwa, na anayemdai si mwanafunzi.

Kundi liwe na watu wanne au watano. Wakiwa watatu hakuna hadhira. Wakiwa saba msomaji anachanganya majina. Kila mmoja awe na kazi yake: Side anaamua, Kelvin anachekesha, Juma ananyamaza, Babuu anaogopa kuliko wote na ndiyo maana ana kelele kuliko wote. Majina yaanze kwa herufi tofauti. Ni jambo dogo, lakini Hamisi, Hamza na Hamadi katika ukurasa mmoja wameshaua hadithi nyingi nzuri.

Hatua ya 2: Pima urefu na muda

Sura 14 za maneno 1,600 zinakupa maneno 22,400. Ukurasa ukibeba maneno 280, hizo ni kurasa 80. Kijana asiyezoea kusoma anaweza kuzimaliza kwa siku chache, na kitabu hakitakuwa ghali sana kukichapa. Ukivuka maneno 35,000, uwe na sababu.

Muda ufuate kalenda ya shule. Tanzania mwaka unaanza Januari, likizo ndefu ya kati inaangukia Juni, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili huja Novemba. Hapo una miezi, una baba anayerudi safari wakati wa likizo, na una siku ambayo kila mtu anaihesabu bila wewe kuipigia kelele. Ukiipeleka hadithi bweni, hesabu inabadilika: kundi halina jioni wala mama, na mgeni wa mwaka wa kwanza, njuka kwa Tanzania na mono kwa Kenya, analala chumba kimoja na wanaomwonea. Hapo fupisha muda. Muhula mmoja unatosha.

Hatua ya 3: Jenga ngazi ya madai

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo pa kukaa wiki nzima na daftari. Chora safu tatu: anachotakiwa kufanya, anachopata, anachopoteza. Kisha andika ngazi saba. Kila ngazi izidi iliyopita kwa kidogo tu, kiasi kwamba akiikataa ya leo, ataulizwa kwa nini ya jana aliikubali. Kwa Idrisa zinaweza kuwa hivi:

1. Kukaa nao siti ya nyuma na kuitikia jina walilompa, "Lindi". Anapata usafiri, anaacha jina lake kituoni.
2. Kucheka wakati Juma anataniwa viatu vyake. Anapata kutotaniwa yeye. Anampoteza Juma, aliyemwazima daftari siku ya kwanza.
3. Kumdanganya mwalimu wa zamu kwamba Kelvin anaumwa.
4. Kuchangia shilingi 1,000 ya mkeka wa Jumamosi, yaani tiketi ya kubashiri mechi. Mkeka unatiki, wameshinda.
5. Kuweka kwenye mkeka wa pili shilingi 20,000 aliyopewa na mama ya tuisheni. Mkeka unachanika, hela imekwenda.
6. Kulaza simu nyumbani kwao usiku mmoja bila kuuliza ni ya nani, ili hela irudi.
7. Kusimama kona, kuangalia kama kuna mtu anakuja.

Itazame ngazi ya nne. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, Tanzania na Kenya pia, kwa hiyo yupo mtu mzima anayewawekea mkeka kwa simu yake. Huyo ndiye anayemdai Side. Huna haja ya kuleta jambazi kutoka hewani sura ya kumi na moja. Alishaingia kwa shilingi 1,000.

Mkeka wa kwanza lazima utiki. Ukichanika hapo hapo, Idrisa hana sababu ya kurudi, na wewe utalazimika kumsukuma kwa mkono.

Kosa kubwa hapa ni kuruka ngazi: sigara sura ya pili, uporaji sura ya nne. Mwandishi ana haraka ya kufika kwenye uhalifu kwa kuwa uhalifu unaonekana ndiyo hadithi yenyewe. Dar es Salaam imewahi kutikiswa na habari za makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road, na wengi huanza kuandika kutokea hapo, kutokea kwenye mapanga. Anza mbali zaidi. Kati ya ngazi na ngazi weka kurasa ambazo mambo ni matamu: mechi ya mchangani, kuogelea, usiku wa umeme kukatika wakisimuliana mambo ya uongo. Msomaji naye alipende kundi, ili baadaye naye aone ugumu wa kuondoka.

Ngazi ya pili iandike polepole kuliko zote. Kumcheka mtu hakugharimu shilingi wala hakumpeleki mtu polisi, na wavulana wengi wanaosoma walishawahi kuifanya. Ukiwapata hapo, watakufuata mpaka ya saba.

Hatua ya 4: Andika tukio la kundi bila amri

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha majaribio aliyoyafanya Marekani kwa vijana wa kiume wa chuo. Walioneshwa mistari wakaulizwa upi unalingana na upi, swali ambalo mtoto angelijibu. Wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Karibu thuluthi moja ya majibu ya yule asiyejua mpango yalifuata uongo wa wengi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mwandishi achukue mawili: hakuna aliyetishwa, na mwenzako mmoja anatosha. La kwanza ni la hapa. La pili liweke mpaka kwenye kilele.

Namna isiyofaa ni hii:

"Ukikataa wewe si mwanaume!" Side alimwambia kwa ukali. Idrisa alihisi shinikizo kubwa kutoka kwa rafiki zake. Moyoni alijua ni vibaya, lakini akakubali.

Na hii ni ngazi ile ile ya tano, ikiandikwa kwa kuangalia miili:

Side alikuwa anasugua kapeti la gari, hakuinua macho.
"Lindi leo yumo?"
"Hayumo," Kelvin akajibu. "Hela ya mama ile. Mama atalia."
Babuu alicheka mpaka akakohoa. Juma hakucheka. Alikuwa anafunga kamba za viatu vile vile.
"Mwacheni dogo," Side akasema. "Sio lazima."
Akaisogeza ndoo, akaketi katikati ya benchi, miguu ameitanua. Pale Idrisa alipokaa siku zote hapakuwa na nafasi tena.
Idrisa akabaki wima, begi mgongoni. Daladala ikapita, konda akampungia Side mkono.
"Mechi ngapi?" akauliza.

Maneno makali kuliko yote hapo ni "sio lazima". Hakuna hisia iliyotajwa, hakuna aliyeitwa mwoga. Kazi imefanywa na benchi. Unapohariri, pita kwenye kila tukio la kundi ukiwa na maswali manne: nani amecheka, nani hakucheka, kila mtu amekaa wapi, na ni kitu gani cha ngazi ya kwanza kinapita karibu kumkumbusha anachoweza kukipoteza. Neno "shinikizo" lisionekane mahali popote katika muswada. Ukilikuta, futa sentensi nzima, kisha uangalie kama kuna kilichopungua.

Hatua ya 5: Lugha ya vijana, kwa kipimo

Maneno ya mtaani huzeeka haraka. Lililokuwa moto mwaka huu litachekesha kitabu kikitoka. Chagua maneno kumi hadi kumi na mbili, yale yaliyodumu: oya, mwanangu, dogo, noma, kuzingua, kijiwe. Yatumie hayo tu, na zaidi ndani ya mazungumzo. Usimalizie kila sentensi kwa neno la mtaani. Wavulana wanaofahamiana huongea maneno machache, wanakatizana, hawamalizi. Kisha litungie kundi maneno mawili matatu ya kwao wenyewe ambayo hayapo mahali pengine. Hayo hayatazeeka, na msomaji akiyaelewa atajiona yumo.

Kila mji na lugha yake. Vijana wa Kisauni, Mombasa, usiwapachike Sheng ya Eastlands ya Nairobi, na kijana wa Mbagala hasemi kama wa Bukavu. Kama hukulia huko, kaa kituo cha basi jioni usikilize, au mpe mtu wa huko asome mazungumzo pekee.

Nyumbani lugha ibadilike. Mvulana huyo huyo aliyekuwa anaropoka saa kumi na mbili jioni, akifika mlangoni anasema "Shikamoo mama" na kuitikiwa "Marahaba baba". Mpito huo uandike kila mara anaporudi, na upunguze kidogo kidogo. Siku atakapopita bila kusalimia, huhitaji kueleza lolote.

Hatua ya 6: Utambulisho ni nani anamwitaje

Suala la "mimi ni nani" likiwekwa ndani ya kichwa cha mhusika hugeuka kuwa kurasa za mawazo. Litoe nje. Idrisa ana majina manne. Ustadhi anamwita Idrisa. Mama anamwita baba, kwa kuwa amepewa jina la babu mzaa mama. Daftari la mahudhurio lina majina yote matatu kwa herufi kubwa. Kijiweni ni Lindi. Andika kwenye karatasi moja: jina, nani analitumia, na anategemea nini kwa mwenye jina hilo. Kisha tengeneza angalau tukio moja ambamo waitaji wawili wamekutana mahali pamoja. Mama yupo sokoni, Kelvin anapiga kelele "Lindi!" kutoka ng'ambo ya barabara. Anageuka au hageuki?

Uanaume nao una waamuzi wengi. Kwa jamii nyingi za pwani ya kusini mvulana alishapita jando, akafundishwa na kuambiwa amekuwa mtu. Kwa Wabukusu wa magharibi ya Kenya tohara hufanyika Agosti ya miaka shufwa, na rika la mwaka ule linabaki ni rika maisha yote. Kisha anafika mjini, kijiwe hakijui lolote la hayo, kinampa mtihani mwingine. Hapo kuna hadithi tajiri kuliko "wazazi wema dhidi ya marafiki wabaya". Ila mambo ya ndani ya jando ambayo jamii haiyasemi hadharani, usiyaseme wewe.

Wasichana wasiwe zawadi ya kugombewa wala sauti ya dhamiri. Yule mdogo wa kike wa Side, miaka kumi, anaweza kujua mengi kuliko wote na akawa anayauza kwa pipi.

Hatua ya 7: Kilele na gharama

Kilele ni ngazi ya saba, na ufunguo wake ni Juma. Umemweka kimya tangu sura ya pili, msomaji amezoea ukimya wake. Usiku ule kona, Juma ndiye anayesema kwanza, tena jambo dogo: "Mimi naenda kulala." Hahubiri, wala hamwiti Idrisa amfuate. Mmoja akishaondoka, kubaki nako kunakuwa uamuzi. Idrisa anaweza kuondoka, au kubaki dakika mbili zaidi ya zilizofaa. Ya pili ina hadithi zaidi.

Mambo matatu uyakwepe. La kwanza, ajali ya bodaboda inayomuua mbaya. Ni njia ya mwandishi kukwepa kufikiri. La pili, mtu mzima anayetokea na kumaliza kila kitu. Mwalimu au mjomba anaweza kufungua mlango, ila Idrisa apite mwenyewe. La tatu, sheria ya kubuni. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Kesi yake huenda Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii anahusika, na anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Ukiandika Idrisa kafungwa miaka thelathini, msomaji mwenye kaka aliyepitia hayo hatakuamini tena. Hatari ya karibu zaidi ni kelele za "mwizi!" na watu wanaotoka na mawe. Ukiigusa, iandike kwa ufupi na kwa sauti tu: miguu inayokimbia, mabati, mbwa.

Bangi, ugoro, muguka au pombe vikiwamo, onyesha mtu anavyobadilika, usielekeze namna ya kutayarisha wala kiasi.

Sura ya mwisho ilipe deni. Ile shilingi 20,000 lazima ijulikane imekwendaje. Side anakaa wapi baada ya haya? Nani anakaa siti ya nyuma? Na daladala: Idrisa sasa anafikaje shuleni? Akiamka saa kumi na moja na kutembea, andika umbali, andika vumbi, andika na fimbo ya getini siku alizochelewa. Wachapishaji na walimu huuliza "funzo liko wapi", ndiyo maana waandishi hubandika hotuba mwishoni. Gharama iliyoandikwa vizuri inawajibu, na kijana haruki ukurasa.

Hatua ya 8: Wape wenyewe

Tafuta wavulana watano wa miaka 13 hadi 16, kwa ruhusa ya mzazi au shule, angalau wawili wasiopenda kusoma. Wape nakala ya karatasi na penseli. Maelekezo ni moja tu: wapige mstari pale walipotaka kuacha. Usiulize "umeipenda?" kwa sababu wataitikia kwa heshima. Uliza Side ana miaka mingapi, nani aliwakera, na wao wangeondoka wakati gani.

Majibu yanakuelekeza pa kurudi. Watano wote wakisema wangeondoka ngazi ya kwanza, faida ya kundi haijaonekana. Rudi kwenye daladala. Wakisema hawakuona kosa lolote mpaka ya saba, safu ya tatu ya daftari lako ni nyepesi, hasa kwa Juma. Wakimtetea Side na kubishana wao kwa wao, usiguse kitu hapo. Mistari ya penseli ikijikusanya kwenye sura moja, mara nyingi ni sura ambayo Idrisa yuko peke yake akiwaza. Ikate nusu.

Hatua ya 9: Kutuma

Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza 2023. Riwaya ni moja ya nyanja zake. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kurekebisha urefu. Ukitaka kitabu kitumike madarasani, kitapitia taasisi hiyo, na Kenya kitapitia KICD, taasisi ya mitaala ya huko. Ukijichapishia mwenyewe, namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, au kwa Kenya, huduma ya maktaba ya taifa, KNLS.

Maelezo ya jalada la nyuma yasizidi maneno 80, na yaanzie kituoni asubuhi, konda akihesabu wanafunzi. Usiandike hapo kwamba kitabu kinahusu shinikizo la rika. Mwalimu atalijua hilo mwenyewe, na mvulana unayemtaka akishaliona atakirudisha kitabu rafuni.